Wafu wa Huku Hawadai Mbuzi

Jirani yangu wa mlango wa pili ana miaka 79. Jina lake sitaliandika. Mimi humwita Bi Mkubwa, naye huitika tangu siku nilipomweleza maana yake. Jumapili moja ya mvua aliniomba nimpeleke kanisani kwa gari, kwa sababu hapa Bradford, Uingereza, mabasi ya Jumapili ni ya kubahatisha. Nikasema hewala. Hesabu yangu ilikuwa nimshushe mlangoni, nipitie duka la Wapakistani nikachukue bamia na muhogo wa barafu, kisha nirudi kumchukua.

Tulipofika akanishika mkono. "Ingia na wewe, mpenzi," akaniambia (watu wa Yorkshire humwita kila mtu mpenzi, hata mzoa taka), "huenda leo akaja."

"Nani?"

"Mume wangu."

Mume wake siku anachomwa nilikuwepo. Alifariki Novemba ya mwaka juzi, maiti ikakaa karibu wiki tatu kabla ya mazishi, jambo ambalo huku halimshtui mtu: karatasi zinasubiriwa, nafasi inasubiriwa. Mahali pa kuchomea tulipewa nusu saa. Nyimbo mbili, maneno machache, pazia likajifunga. Wakati tunatokea mlango wa kando, msiba mwingine ulikuwa umeshapanga foleni mlango wa mbele. Tukala sandwichi. Saa kumi jioni kila mtu alikuwa amekwenda zake. Siku ya tatu nikampelekea sufuria ya pilau nikidhani nitakuta sebule imejaa. Nilimkuta peke yake, kavaa koti ndani ya nyumba, anatazama mashindano ya kuoka keki kwenye televisheni. Akaichungulia sufuria akaniuliza, "Hii yote ya nani?" Tulikula pilau ile wiki nzima.

Kwetu asingeruhusiwa hata kuwasha jiko. Angekuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, mawifi na majirani wamemzunguka mpaka awachoke, huku kisomo, huku hitima, huku arobaini inapigiwa hesabu. Huku siku ya nne alikwenda dukani kununua maziwa.

Basi nikaingia.

Ili mjue kwa nini sikukimbia, lazima niwarudishe kwanza Ngamiani, Tanga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kiti. Watu wa pwani hawahitaji maelezo, ila najua baadhi yenu ni wa bara: kiti ni mtu anayepandwa na pepo. Pepo humkalia kama wewe unavyokalia kiti cha sebuleni, na kiti hakiulizwi kama kimechoka. Wa bibi alikuwa ruhani. Maruhani wana makuu yao. Hupenda usafi, kanzu nyeupe, marashi ya mawaridi, udi, halua. Usiku wa shughuli chetezo kilizungushwa, akina mama wakaimba, bibi akaanza kutikisika mabega, kisha ikatoka sauti ambayo haikuwa yake, nzito, yenye Kiarabu cha kubumbabumba. Sisi watoto tulikuwa tumelazwa chumba cha nyuma, na hakuna aliyelala.

Fundi, yaani mganga wa pepo, alimsalimu mgeni. Kisha akamuuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuliigiza na sauti yake: "Umekuja na haja gani? Wataka nini?"

Na haja ilikuwepo siku zote. Kitambaa, pete ya fedha, chano cha vyakula vitamu, mbuzi mweupe asiye na doa. Babu alikuwa akinung'unika, lakini chinichini, kwamba ruhani huyu anajua kalenda: hupanda msimu wa machungwa, Muheza ikishalipa, na miezi ya njaa hapandi hata kwa bahati mbaya. Mbuzi lakini alinunuliwa. Hakuna mtu aliyemwambia pepo athibitishe kuwa yeye ni pepo.

Halafu jambo moja ambalo watu wa nje hulichanganya: pepo si mfu. Ni jini, ana kabila lake na dini yake. Wafu wako barzakhi, kati ya kufa na kufufuliwa, wana shughuli zao na malaika, na anayekuja kwa sauti ya marehemu, kwa mujibu wa ustadhi wetu wa chuo cha Kurani, ni karini, yule jini aliyezaliwa naye akaandamana naye maisha yote, kwa hiyo anajua siri zake mpaka alipoficha funguo. Kwa wazee wengine mizimu na koma wapo na wanatambikiwa, hilo ni jingine. Bibi yangu hakuwahi kumpandisha marehemu. Angesikia kuna kanisa ambalo wafu huitwa kila Jumapili na watu wakala biskuti, angejifunika mtandio.

Ndani palikuwa na viti vya plastiki kama arobaini, maua ya dukani, na taa nyeupe zote zimewashwa. Nilikaa nikingoja giza. Nilingoja pia moshi, ngoma, chochote. Tuliimba, tukaomba, mtu akatoa mawaidha ya robo saa kuhusu subira. Kisha akasimama midiamu, yule anayesema huwasiliana na wafu, mama wa miaka hamsini hivi mwenye miwani na sweta, ungemwona benki ungemkabidhi fedha zako bila wasiwasi. Kaja kwa treni kutoka mji mwingine. Akanywa maji. Akasema, kwa sauti ileile ambayo angeulizia ratiba, kwamba ana bwana mmoja hapa kushoto kwake, mfupi, aliyefanya kazi ya mikono, na angependa kuja kwa yule mama wa safu ya tatu; je, angeweza kuisikia sauti yake?

Hiyo ndiyo adabu ya mahali. Midiamu haanzi mpaka umjibu, kwa sababu wanasema sauti yako ndiyo kamba anayoishika. Unajibu ndiyo, hapana, au sijui, na unakatazwa kueleza zaidi. Bi Mkubwa alininong'oneza sababu: ukimlisha midiamu, utaharibu ushahidi.

Ushahidi! Neno hilo nilisikia labda mara ishirini mchana ule. Midiamu mzuri kwao ni yule anayeleta ushahidi: jina, ugonjwa uliomuua, saa ya mkononi iliyobaki kwenye droo. Ujumbe wenyewe ni mwepesi, karibu siku zote mmoja: yuko salama, anawaona, anawapenda, msimlilie. Nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki nikafikiri, bibi yangu na hawa wanafanya kazi moja iliyogeuzwa ndani nje. Kwetu mgeni haulizwi hati, anaulizwa haja. Huku anatolewa jasho kwa hati, na haja hana. Wafu wa Kiingereza hawadai kitu. Hata mshumaa.

Bi Mkubwa hakupata mtu siku ile. Alikunywa chai yake, akala biskuti mbili, akasema, "Wiki ijayo." Nikajikuta nimekuwa dereva wake.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri hakuna kinachosogea isipokuwa mimi na birika. Bi Mkubwa akaanza kunipa vitabu vya mumewe, maana kumbe marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa muumini kwanza, na nikavisoma vyote, vya waumini na vya wapinzani wao.

Dini yao hii, Uspiritualisti, ilianza na wasichana wawili. Tarehe 31 Machi 1848, katika nyumba ya mbao kijijini Hydesville, jimbo la New York, Maggie na Kate Fox walidai kwamba kitu kinagonga ukutani na kuwajibu. Kate alikipa jina Bwana Kwato na kukiambia, fanya nifanyavyo. Kikagonga mara alizopiga vidole. Majirani wakaitwa, maswali yakaulizwa, na ugongaji ukatoa kisa cha mchuuzi aliyeuawa mle na kuzikwa chini ya nyumba. Dada yao mkubwa, Leah, akauona mlango wa riziki. Novemba 1849 walikuwa jukwaani ukumbi wa Corinthian, Rochester, watu wamelipa kiingilio.

Miaka 39 baadaye, Oktoba 1888, Maggie alipanda jukwaa jingine New York, akavua kiatu, na mbele ya umati akaonyesha siri: kiungo cha kidole gumba cha mguu. Aliweza kukialisha kikasikika ukumbi mzima. Alisema walianza na tufaha lililofungwa uzi, wakilidundisha sakafuni usiku kumtisha mama yao. Mwaka uliofuata akafuta maneno yake. Wote wawili walikuwa walevi na maskini kufikia hapo. Kate akafa 1892, Maggie 1893.

Nilimuuliza Bi Mkubwa, hii haikusumbui? Dini nzima imesimama juu ya kidole gumba. Alinitazama kwa huruma kidogo. "Mpenzi, alilipwa kuungama," akasema, "na alikuwa na njaa." Kisha akaongeza kitu ambacho sijakipatia jibu: kama watu walikuwa wanaungoja mlango ufunguke, haidhuru nani aligonga.

Nadhani hapo alisema kweli kuliko alivyojua. Kwa nini ugongaji wa watoto ulivuka bahari? Mwaka 1852 Maria Hayden aliuleta London, na 1853 lilifunguliwa kanisa la kwanza la Waspiritualisti Uingereza, si London kwa mabwana bali Keighley, mji wa viwanda vya sufu, jirani kabisa na hapa ninapoandika. Aliyeuleta Keighley ni David Richmond, mwanamageuzi aliyekuwa ameishi Marekani. Mwaka huohuo mwanasayansi Michael Faraday alitengeneza kifaa kidogo kuonyesha kwamba meza zilizokuwa zikizunguka chini ya mikono ya watu zilisukumwa na mikono hiyohiyo, bila wenyewe kujitambua. Jaribio zuri, lisilo na dosari, na meza ziliendelea kuzunguka. Watu wa Keighley walizika watoto wao kila kipupwe. Kanisa la zamani likiwaambia habari za jehanamu na mtoto asiyebatizwa, hawa wakaja wakawaambia mtoto wako anakua huko, ana walezi, na unaweza kumsalimu Alhamisi jioni.

Mafundisho yao yametundikwa ukutani katika fremu, na yana asili ya ajabu. Mwaka 1871 midiamu Emma Hardinge Britten alisema mzizi wake amepewa na roho ya Robert Owen, yule mzee wa vyama vya ushirika, aliyekuwa amefariki 1858. (Baba yangu alikuwa mtu wa ushirika maisha yake yote. Angefurahi kusikia kwamba hata huko mbele bado wanaendesha vikao.) Umoja wao wa kitaifa, uliosajiliwa 1901, unashika misingi saba: Ubaba wa Mungu, udugu wa wanadamu, mawasiliano na roho na huduma ya malaika, roho ya mtu kutokufa, kila mtu kujibebea mzigo wake, malipo huko mbele kwa mema na mabaya ya duniani, na njia ya maendeleo isiyofungwa kwa roho yoyote.

Nilikaa sana kwenye ule wa tano na wa saba. Hakuna wa kukuombea ukasamehewa kwa urahisi. Uliyoyavunja utayaunga mwenyewe. Lakini pia hakuna moto wa milele. Hata mwovu kabisa atapanda ngazi, polepole, akitaka. Kama mtu niliyelelewa na vitabu vya siku ya kiyama, niliona ni imani ya watu wapole mno. Halafu nikawakumbuka wazee wangu wawili watatu kule kazini ambao huamka usiku wakiogopa moto, nikanyamaza.

Huko waendako marehemu Waspiritualisti wa zamani walikuita Summerland, jina alilolisambaza Mmarekani Andrew Jackson Davis. Nchi ya kiangazi! Siku niliyolisoma nilikuwa nimevaa soksi mbili mbili na kipasha joto kimeharibika. Nikacheka peke yangu ofisini. Sisi wa joto tumeita kwetu Peponi, penye upepo. Kila mtu ameahidiwa hewa anayoikosa.

Umidiamu wenyewe wanaugawa. Ule wa akilini ndio unaouona makanisani leo: mmoja huona picha, mwingine husikia maneno, mwingine huhisi tu, maumivu ya kifua ya mtu aliyekufa kwa kifua, ladha ya tumbaku mdomoni. Mtu haanguki, hatikisiki, na baadaye anakumbuka alichosema. Upo pia ule wa usingizi, ambapo roho huchukua sauti, na hapo ndipo nilipomwona bibi yangu. Wanajifunza miaka kadhaa katika duara, watu sita saba wanaokutana siku ileile kila wiki wakikaa kimya, na wenye uwezo huenda Stansted Hall, Essex, jumba alilowaachia muumini mwenzao Arthur Findlay, ambalo tangu 1964 ni chuo chao. Kwetu hujifunzi. Unaumwa, hospitali wanashindwa, unaambiwa una mtu.

Kila midiamu ana kiongozi wake upande wa pili, na viongozi hawa wananifurahisha. Nimesikia wa Kichina, wa Wahindi Wekundu, hata wa Kizulu. Arthur Conan Doyle, daktari yule aliyemtunga Sherlock Holmes, nyumbani kwake alikuwa na Pheneas, aliyesema kupitia mke wa Doyle kwamba aliishi Uru ya Wakaldayo kabla ya Ibrahimu. Kwa kipimo cha Ngamiani huyo ni ruhani mtupu, mleteeni marashi. Bibi naye hakupandwa na Mbondei mwenzake. Alipandwa na Mwarabu. Wengine mtaani walikuwa na Mhabeshi, na Mmasai, na kuna hata pepo wa Kizungu. Mwenye siri, pande zote mbili, lazima atoke mbali.

Doyle huyu watu humsema kwamba alirukwa na akili baada ya kumpoteza mwanawe Kingsley. Si kweli, alitangaza imani yake 1916, na Kingsley alifariki Oktoba 1918. Ila ni kweli kwamba baada ya hapo hakutulia. Mwaka 1928 na 1929, mzee wa karibu miaka sabini, alizunguka Afrika Kusini, Rhodesia mpaka Kenya akihutubia kuhusu wafu. Rafiki yake Harry Houdini, mfalme wa viini macho, alikuwa ameshaachana naye kwa ajili ya karatasi moja. Juni 1922, Atlantic City, mke wa Doyle alishika kalamu akaandika kurasa kumi na tano kutoka kwa mama yake Houdini. Juu aliweka msalaba. Barua yote ilikuwa ya Kiingereza. Mama yule alikuwa mjane wa rabi, na Kiingereza hakukijua. Doyle alikuwa na majibu, waumini huwa nayo, lakini mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikaenda kugeuza wazee. Kama kuna kitu kimoja ambacho siwezi kukubali ni mama yangu kuja kunisemesha kwa Kiingereza.

Vita vya kwanza ndivyo vilivyojaza makanisa haya. Serikali ya Uingereza iliamua, tangu 1915, kwamba maiti za askari hazitarudishwa nyumbani; walizikwa walikoanguka, na wengi hawakupatikana kabisa. Fikiria mji kama huu: barua ya posta, basi. Hakuna jeneza, hakuna kaburi, hakuna wa kumwosha. Mwanafizikia Oliver Lodge, mtu wa mawimbi ya redio, alimpoteza kijana wake Raymond 1915, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima cha mazungumzo naye. Nilipoanza kusoma nilitaka kucheka wasomi waliodanganyika. Baadaye nikaona hawa ni watu walionyimwa matanga, wakajitengenezea.

Matapeli walikuwepo, tena wengi, hasa upande wa maajabu ya mwili: meza kuruka, tarumbeta kuelea, na ektoplazima, ule ute mweupe unaomtoka midiamu gizani. Helen Duncan, Mskoti, alichunguzwa 1931 na Harry Price, mchunguzi wa mambo haya, ambaye alihitimisha kuwa ute ule ni kitambaa chepesi alichokimeza akakitapika. Lakini ni huyohuyo ambaye wakati wa vita vya pili, Portsmouth, inasimuliwa alimleta baharia wa manowari Barham, iliyozamishwa Novemba 1941 na watu zaidi ya 800, wakati serikali ilikuwa bado haijaitangazia nchi. Januari 1944 polisi wakavamia kikao chake. Wakamshtaki katika mahakama ya Old Bailey, London, kwa Sheria ya Uchawi ya 1735, akafungwa miezi tisa gereza la Holloway.

Sheria ile haikumhukumu kwa kuwa mchawi. Ilimhukumu kwa kujifanya anaita wafu. Bi Mkubwa husimulia habari za Duncan kama sisi tunavyosimulia za mashujaa, na husahau kile kitambaa. Mwaka 1951 Bunge liliifuta sheria hiyo. Tanganyika, Waingereza haohao walituwekea ya kwao ya uchawi 1928, na hiyo bado tunayo vitabuni.

Tulikwenda Jumapili nyingi. Juni alikuja.

Midiamu siku ile alikuwa kijana mwanamume, mwenye herini. Akasema ana bwana mrefu, kifua kilimsumbua mwishoni. Mikono mitatu ilinyanyuka. Huku nani hafi na kifua? Akapunguza: mtu wa bustani. Mikono miwili. Akasema, ananionyesha ufunguo, ufunguo wa kibanda, mlikuwa mkiutafuta. Bi Mkubwa akasema "ndiyo" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Kijana akamwambia mzee anacheka kuhusu ufunguo ule, anasema samahani, na anaona kwamba ameanza kulala upande wake wa kitanda.

Najua yanavyofanyika. Nimesoma. Unarusha wavu mpana, unavuta kidogo kidogo, uso wa mtu unakuelekeza. Kila mzee mwenye bustani ana kibanda, na kila kibanda kina ufunguo uliopotea. Mjane yupi halali upande wa mumewe? Haya yote nilikuwa nayo mdomoni tulipotoka. Ndani ya gari aliangalia barabara muda mrefu, kisha akafungua mkoba, akapaka rangi ya mdomo, mara ya kwanza tangu Novemba ile. Nikawasha redio.

Ufunguo, kwa taarifa yenu, haujaonekana mpaka leo. Kufuli tulilivunja kwa nyundo.

Yangu ilikuwa Septemba. Nilishazoea kukaa nyuma kama dereva, ndipo midiamu mmoja, mama mnene mwenye kicheko, akasema, "Nije kwa yule dada wa kitambaa cha zambarau." Watu wakageuka. Akasema ana bwana wa Kiafrika, kuna ngoma. Nikasema hapana, kwa nguvu kidogo kuliko adabu ilivyotaka. Akarudi nyuma: basi ni bibi, upande wa mama. Sasa mtu wa umri wangu ambaye bibi yake mzaa mama hajafa ni nani? Nikasema ndiyo. Alikuwa akishona? Hapana. Lakini mikono ilikuwa na kazi, akasema, naiona mikono haitulii. Hapo nikafanya kosa lilelile nililokatazwa. Nilisema, "Alikuwa akisuka ukili." Kwa Kiingereza nililazimika kueleza: majani, mikeka. Uso wake ukang'aa. "Ndiyo! Mikeka! Anakuonyesha mkeka!"

Nilimlisha mwenyewe. Na hata hivyo, sekunde mbili hivi, niliuona ule mkeka wa miaa, kona iliyoungua na chetezo.

Kisha akaniambia bibi yuko salama, hana maumivu, ananipenda sana na anajivunia mimi. Akanipa ua jeupe la kufikirika. Bi Mkubwa alinibana mkono, machozi yanamtoka kwa ajili yangu. Nikamshukuru yule mama. Bibi yangu hakuwahi kumwambia mtu anampenda. Aliuliza kama umesali na kama umekula, kwa mpangilio huo.

Usiku nilimpigia mama simu ya picha. Nilikuwa nimemficha habari za kanisa miezi yote hiyo, nikijua atamwita ustadhi kabla sijamaliza sentensi. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akichambua mchele, hakunikatiza.

"Alisema yu salama?"

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi. Na alitaka nini?"

"Hakutaka kitu."

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Hata kisomo?"

"Hata."

"Hata kumsalimia mjomba wako?"

"Hakumtaja."

Mama akatoa punje moja ya jiwe, akaitupa. "Basi wamekuletea wa mtu mwingine," akasema. "Mama yangu namjua. Miaka yote hii hajasomewa hitima ya maana, angekuja mikono mitupu?" Akachambua kidogo. "Lakini kwa kuwa ametajwa, haifai kuacha hivihivi. Mwezi huu mwishoni mshahara unaingia tarehe ngapi?"

Jumatatu asubuhi, nikitoka zamu, nikatuma hela ya mbuzi.